Ijumaa Niliyowaleta Watu wa Mwakiro

Siku Profesa Spès aliponiomba niwalete watu wa Mwakiro mpaka Nyamugari, nilipaswa kukataa. Tulikuwa katika chumba cha kanda za sauti, yeye amekaa juu ya meza kama kawaida yake, mimi kwenye kiti changu chenye mguu mmoja mfupi. Aliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama naweza kupanga safari. La pili, kama Bi Mwanaidi amekubali. La kwanza nilijibu ndiyo, na ilikuwa kweli. La pili nilijibu ndiyo vilevile, na haikuwa kweli, kwa maana sikuwa nimemuuliza.

Ninyi mnaobaki katika kituo chetu cha utafiti mliniomba, siku ya kuniaga, niandike kidogo juu ya kazi yetu. Nadhani mlitaka habari za gari bovu na majogoo. Zimo. Lakini nimeanza na jambo hili kwa sababu nikiliacha lije kwa zamu yake, nitapata kisingizio cha kuchoka kabla sijalifikia.

Kazi ilinikuta kwenye kibanda cha rafiki yangu Haruna, fundi cherehani. Nilikuwa nimemaliza sekondari hapa Gitega, na chuo kikuu hakikuwa na nafasi yangu, au mimi sikuwa na nafasi yake. Nimewahi kusema yote mawili, kulingana na anayeuliza. Haruna na mimi tulianza shule ya msingi siku moja, na tangu hapo nilikuwa nakula kwao zaidi kuliko kwetu. Mama yake, Bi Mwanaidi, hakuwa akiniuliza kama nina njaa. Alikuwa anapakua tu. Haruna aliacha shule mapema, akajifunza kushona, akafungua kibanda kwenye njia ya msikiti wa Nyamugari, na mimi nikawa mtu wa kukaa kwenye benchi lake nikimsomea magazeti ya zamani yaliyofungiwa vitambaa.

Hapo ndipo alipotukuta mwanamke mmoja mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Aliuliza kama tunamfahamu kijana anayejua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na mwenye mwandiko unaosomeka. Haruna hakuinua hata kichwa.

“Huyu hapa,” akasema. “Luga zote iko anajua. Kazi ndiyo hajui hata moja.”

Mwanamke yule alikuwa Profesa Spès. Alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya, na wenzake chuoni walitarajia ataandika juu ya wafalme kama kila mtu. Yeye alichagua utumwa: nani aliuzwa katika nchi yetu, nani alimuuza, biashara ile ilikomeshwa vipi, na kile kilichobaki baada ya kukomeshwa kimejificha wapi. Kwa kazi hiyo aliihitaji Nyamugari, kwa sababu familia nyingi za Waislamu wa mtaa wetu zimetokana na misafara ya biashara iliyokuja kutoka upande wa Ujiji. Katika misafara hiyo walikuwamo wenye mali, na walikuwamo waliokuwa mali. Wajukuu wao leo wanaishi ukuta kwa ukuta, na wote wanasema wametokana na wenye mali.

Siku yangu ya kwanza nilipewa kinasa sauti cha kanda na kutumwa kwa mzee mmoja jirani na msikiti. Nilimsikiliza asubuhi nzima, nikatoka nimevimba kichwa kwa fahari. Kituoni tukagundua kwamba nilibonyeza kitufe kimoja badala ya viwili, na kanda ilikuwa imezunguka bure. Nilingoja kufukuzwa. Profesa akaniambia niandike yote ninayoyakumbuka, kisha nirudi nikamuulize mzee upya. Nilirudi. Mara ya pili mzee alisimulia habari tofauti kabisa: babu yake, ambaye asubuhi ile alikuwa mpagazi, sasa alikuwa na wapagazi wake. Profesa alifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. “Sasa tuna habari mbili,” akasema, “na ile ya kwanza ndiyo hakuwa na muda wa kuipamba.” Tangu siku hiyo niliamini kwamba katika kazi yetu hata makosa yana faida. Nilikaa na imani hiyo muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Nitaje vyombo kidogo, maana ninyi mmekuta simu zinazonasa kila kitu. Betri zikidhoofika tulizianika juani kwenye dirisha la gari, zikatupa robo saa nyingine. Kinasa sauti usikiweke juu ya meza tupu, kiweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, la sivyo kila kikombe kinachotua kitasikika kama mlango uliobamizwa. Usikiweke karibu na imbabura, jiko letu la mkaa, maana mkaa unapasuka na utadhani mzee alirusha risasi. Juu ya majogoo sina ushauri. Kuna kanda moja ya Nyamugari ambamo jogoo anazungumza zaidi ya mwenye nyumba, na kwa haki mngemwandika yeye kuwa ndiye aliyehojiwa.

Namna yetu ya kufanya kazi ilikuwa hivi: Profesa aliingia jikoni kwa wanawake, mimi nikabaki barazani na wanaume, kisha tukalinganisha ndani ya gari. Barazani nilipata bunduki, pembe za ndovu na mababu wakali. Kwa hesabu ya barazani, misafara ile ilikuwa na matajiri watupu, na mizigo ilijibeba yenyewe. Jikoni Profesa alipata mambo mengine. Hakumuuliza mtu hata siku moja kama wazee wake walikuwa watumwa. Aliuliza nani alichota maji, nani alikula mwisho, nani akifa alilazwa upande gani wa makaburi. Aliuliza nani huwanawisha wageni mikono siku ya arusi.

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifundisha kazi. Katika mtaa wetu, arusini, beseni na birika havichukuliwi na yeyote aliye karibu. Kuna nyumba fulani fulani ambazo hutoa mtu wa kupita na beseni, vizazi na vizazi, na hakuna anayesema kwa nini. Nilikulia humo nikadhani ni mpangilio tu, kama vile kuna anayejua kupika pilau na kuna asiyejua. Profesa alizihoji nyumba hizo moja baada ya nyingine, na jikoni mwa kila moja alikuta habari za bibi wa zamani aliyenunuliwa. Watu wa nyumba hizo, hasa wanaume, wengi hawakujua. Waliona ni heshima. Haruna mwenyewe alikuwa akijisifu nayo akiwa kwenye cherehani: “Arusi ya Nyamugari bila beseni ya kwetu, hiyo iko arusi? Hiyo ni mkutano tu.”

Mimi nilikunywa chai yangu.

Wageni kutoka ng'ambo walipoanza kuja, walitaka minyororo. Walitaka pia Mwarabu asimame upande mmoja na mtu mweusi upande mwingine, picha ipigwe, waondoke. Profesa aliwakalisha akawaeleza, kwa subira ambayo sikuwahi kuwa nayo, kwamba aliyenunua na aliyenunuliwa mara nyingi walifanana rangi, na kwamba hadithi ya rangi ilipata nguvu baadaye, watu walipohitaji maelezo mepesi. Wakizidi kubisha, aliwaambia, “Sisi Warundi tunajua kupimana pua kulitufikisha wapi.”

Juu ya kukomeshwa kwa utumwa, aliwauliza wazee wote swali moja: uliisha lini? Wasomi walimtajia sheria. Bibi mmoja wa Nyamugari alimjibu kwamba mama yake, siku aliyopewa karatasi ya uhuru huko bomani, alirudi kwa bwana wake kupika, kwa sababu maharage yalikuwa bado motoni. Profesa aliandika miaka mingi juu ya maharage hayo. Kazi yake yote, nikiifupisha mimi nisiye na digrii, ilikuwa kuuliza mtu aliye huru anakwenda wapi ikiwa chungu bado kipo kwa bwana.

Kwenye vilima vya Itaba ndiko nilikopata somo gumu. Mkulima mmoja, ambaye hata leo simtaji jina, alitukaribisha nyuma ya nyumba, akaniomba nizime mashine. Nikaizima. Akasema kwamba wakati wa njaa kubwa babu yake alimtoa mtoto wa dada yake kwa wapitanjia ili apate chakula cha waliobaki, na kwamba yeye mwenyewe ni mjukuu wa waliobaki. Alilia kidogo. Kisha akajifuta uso, akaniomba niwashe mashine, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, “Kwetu hapa jambo kama hilo halikuwahi kutokea.”

Garini nilimuuliza Profesa tuandike nini.

“Tunaandika alichosema mashine ikiwaka.”

“Lakini tumesikia, Profesa.”

“Tumesikia kama wageni wake. Hicho si chetu, Yusufu. Tukikichukua, tutakuwa na sisi tumemchukua mtu njiani.”

Kanuni hiyo mnaijua, imebandikwa ukutani kwenu. Nilikuwapo ilipozaliwa. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Bi Mwanaidi alizungumza na Profesa jikoni kwake mchana mmoja wa mvua, Haruna akiwa sokoni kununua nyuzi. Mimi sikuwamo, sauti yake niliisikia baadaye, nikiwa nimevaa vipokea sauti vya masikioni, nikinakili kanda kama ninavyonakili kanda nyingine. Alisema kwamba bibi yake mzaa mama, ambaye Nyamugari walimwita Faida, hakuzaliwa na jina hilo. Aliitwa Butoyi. Kila Mrundi anajua jina hilo hupewa nani: ni pacha wa pili, na wa kwanza ni Bukuru. Jioni moja mama yao alitaka mmoja wao aende kwa jirani kuomba moto. Bukuru alikuwa na kidonda cha mguu, kwa hiyo akaenda Butoyi, na kigae cha kubebea makaa mkononi, na watu wakamchukua njiani. Hakukumbuka kilima chao. Alikumbuka kidonda.

Mwishoni mwa kanda Bi Mwanaidi alisema, “Haya yasitoke hapa nikiwa hai. Haruna nitamwambia mwenyewe, au hatajua.” Profesa aliahidi. Kanda iliingia kabati la chuma, na ufunguo ulikuwa kwangu.

Kwa hiyo nilirudi kukaa kwenye benchi la Haruna nikijua jambo la nyumba yake ambalo yeye hakulijua. Hilo sikuwaambia mafunzoni, lakini ndilo sehemu nzito ya kazi hii. Kanda ni nyepesi. Kumtazama mtu usoni ndiko kuzito.

Miaka ilipita. Watu waliokuwa wakimbizi Tanzania walirudi, na wengi walijenga upya mashamba yao Muyinga. Profesa alitaka kusikia wanachokumbuka waliokulia ugenini, kwa sababu, alisema, mtu aliye mbali na kwao huhifadhi majina. Tukaenda mara nyingi, kwa barabara ya Karuzi, na gari ambalo lilikuwa likipanda vilima kwa kurudi nyuma kwanza. Mwakiro, hukohuko Muyinga, tulimpata Gaspari, mkulima Mkristo, mwenye Kiswahili kilichonyooka cha watu waliosoma Tanzania. Nilimuuliza juu ya ukoo wake. Akaanza kuhesabu watoto wa babu wa babu yake, akafika kwa mapacha.

“Bukuru ndiye aliyemzaa babu yangu,” akasema. “Na Butoyi yuko njiani.”

“Njiani wapi?”

“Ndivyo tunavyomtaja, mzee. Alitumwa kuomba moto, hakurudi. Angekwenda Bukuru, lakini alikuwa na kidonda mguuni. Hata tulipokuwa kambini, mama akigawa chakula cha sikukuu alikuwa anasema, na huyu aliye njiani Mungu amlishe.”

Nilimtazama Profesa. Alikuwa ameacha kuandika. Akafunga daftari lake, tukaaga.

Sasa mnielewe. Miaka yote ile nilikuwa nimenakili watu waliochukuliwa wakichota maji, wakilinda mtama, wakienda kumsalimu shangazi. Kila kanda ilikwisha kwa maneno yaleyale: hatukumwona tena. Nilikuwa nimechoka na habari zinazokatikia njiani. Nilitaka moja tu ifike. Profesa naye alikuwa anakaribia kustaafu, alikuwa anakusanya kazi yake ya maisha katika kitabu cha mwisho, na alitaka kuipiga picha siku ambayo pande mbili za habari moja zinakutana. Aliponiuliza kama Bi Mwanaidi amekubali, niliona nikienda kumuuliza atakataa. Nikajiambia kwamba furaha ya kuwaona jamaa zake itatangulia kabla ya hasira. Nikasema ndiyo. Kwa Bi Mwanaidi nilipita jioni, nikamwambia kuna wageni wa Muyinga wangependa kumsalimu. Akasema mgeni hakatazwi.

Nilichagua Ijumaa, ili niwakute watu nyumbani. Mtu yeyote wa Nyamugari angeniambia kwamba Ijumaa baada ya swala hakuna mtu aliye nyumbani. Wote wako barabarani, wamesimama, wanazungumza, wanatafuta cha kutazama. Mimi ni mtu wa Nyamugari.

Gari lilisimama mbele ya nyumba ya Haruna na mama yake. Gaspari alishuka na koti lake, na nyuma yake jamaa zake, wanaume kwa wanawake, na kapu la maharage, na kibuyu cha impeke, ile pombe ya mtama, pamoja na mirija yake. Kibuyu nilikiona tangu Mwakiro. Nilijiambia kitabaki garini. Mtu anayemfuata ndugu aliyepotea haachi kinywaji cha ndugu garini. Gaspari alivua kofia, akasimama mlangoni, akapaza sauti kama inavyofanywa vilimani mtu akileta jambo la ukoo.

“Amani kwenu, watu wa nyumba hii! Sisi ni watoto wa Bukuru wa Mwakiro. Tumekuja kumfuata mtoto wetu Butoyi, aliyekamatwa njiani akauzwa. Tumesikia kizazi chake kiko hapa. Hatudai kitu. Tumekuja kuwaambia kwamba kwetu bado anahesabiwa!”

Mwakiro wangepiga makofi. Nyamugari walisogea karibu wasikie vizuri.

Haruna alitoka na utepe wa kupimia shingoni na pini midomoni. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kola, ndipo akasema.

“Mzee, umekosea nyumba. Hapa hakuna mutu aliuzwa.” Kisha akaniona nashuka garini. “Yusufu? We ndiye umewaleta?”

“Haruna, ngoja nikueleze.”

“Bon, eleza. Watu wote wako hapa. Eleza.”

Aliyeeleza si mimi, mkalimani wa lugha tatu. Alikuwa mwanamke mmoja katika kundi, shangazi wa kijana aliyemchumbia Salma, binti wa Haruna. “Ee!” akasema, na hakuwa na haja ya kupaza sauti. “Kumbe ile beseni ndiyo maana yake!” Mtu mmoja akacheka, akajizuia, lakini cheko lilikuwa limekwisha kutoka. Nilimwona Haruna analielewa. Lilimpita usoni polepole, kutoka paji mpaka kidevuni.

Kisha Bi Mwanaidi akatoka, ameshika mlango.

“Nani anamtaja Butoyi?”

“Shikamoo, mama,” alisema Gaspari, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. “Ni mimi. Bukuru alimzaa babu yangu.”

Bi Mwanaidi alimtazama. Nilidhani atawafukuza, na nakiri kwamba wakati huo nilikuwa naomba awafukuze, ili mambo yaishe.

“Yule Bukuru,” akasema, “mguu ulipona?”

Gaspari aliwageukia jamaa zake kwanza, kama anayetaka wote wajibu pamoja. “Ulipona, mama. Alichechemea kidogo, lakini alilima mpaka akazeeka. Na hakukubali tena mtoto yeyote atumwe kuomba moto.”

“Bibi alikuwa anauliza,” alisema Bi Mwanaidi. “Kila alipougua alikuwa anauliza, na sisi tulikuwa hatuna la kumwambia.” Akanyoosha mkono, Gaspari akaupokea kwa mikono yote miwili. “Haya, ingieni. Hiyo pombe muiache nje, hii nyumba inaswali. Mtakunywa chai.”

“Utusamehe, mama. Hatukuambiwa.”

“Najua hamkuambiwa.”

Wakapita. Mimi nikabaki mlangoni. Hapo ndipo Bi Mwanaidi aliponigeukia, bila hasira yoyote. “We mtoto wangu, ungeniuliza tu. Mlango ukiwa umefungwa, ningekubali.”

Profesa Spès alikuwa ameteremsha kamera tangu shangazi yule alipozungumza. Tulisimama nje kando ya kibuyu kama walinzi wake.

“Uliniambia amekubali,” akasema.

“Nilikuambia.”

Hakunigombeza. Siku zilizofuata alifuta picha zote za siku ile, na kitabu chake cha mwisho kilitoka bila mapacha. Alisema kosa ni lake pia, kwa kuwa alilitamani sana jibu langu hata hakuniuliza mara ya pili. Nilimshukuru kwa maneno hayo, lakini sikuyaazima kuwa kisingizio.

Haruna nilimfuata kibandani baada ya siku chache. Benchi lilikuwa limewekwa marobota ya vitambaa. Nikasimama.

“Mi sina hasira ya bibi,” alisema, akiendelea kushona. “Bibi alibebwa, hakuiba. Hao watu wa Mwakiro ni watu wazuri, wameniletea maharage kama mi ndiye mwenye njaa. Hasira yangu ni we. Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu mama azungumze na Profesa. Zamani.”

“Zamani.” Cherehani ikasimama. “Mais Yusufu, we uko mutu gani? Unakaa hapa, unakunywa chai yangu, mi najisifu na beseni, na we unajua. Unaniangalia tu. Ulikuwa unacheka moyoni?”

“Sikucheka, wallahi.”

“Basi ulikuwa unafanya nini?”

Nadhani nilikuwa nafanya kazi.

Lililotutisha sote lilikuwa arusi ya Salma. Yule shangazi na wenzake walikuja kwa Haruna wakisema wanahitaji muda wa kufikiri, na mtaa mzima ulijua wanafikiri nini. Nilikonda. Niliswali swala ambazo hazipo. Aliyetuokoa ni bibi wa yule kijana, mwanamke wa baraza kubwa, mwenye babu wa bunduki na pembe. Aliwaita shangazi akawaambia wakianza kuhesabu bibi za watu, yeye naye ataanza kuhesabu, na ataanzia kwa zao. Hakuna aliyetaka hesabu hiyo. Arusi ikafanyika. Siku hiyo nilijua maana ya kutua mzigo: niliketi nyuma kabisa, miongoni mwa watu waliokuja kwa ajili ya pilau, nikala kama wao. Beseni halikupita. Haruna alikuwa ameweka ndoo ya plastiki yenye bomba karibu na lango, na kila mtu, mwenye babu wa bunduki na asiye naye, alipanga foleni akajinawisha mwenyewe.

Tangu hapo Salma huenda Mwakiro wakati wa mavuno, na watoto wa Gaspari wakija Gitega hulala kwa Haruna. Watu wa Mwakiro husema sasa kwamba Butoyi alifika. Nafurahi kila ninapolisikia. Wazee wengine wa mtaa hawakunifungulia tena mlango kwa ajili ya kazi, na walikuwa na haki. Ndiyo maana miaka yangu ya mwisho niliitumia ndani, nikinakili na kuwafundisha ninyi. Kanuni kwamba mwenye habari aulizwe mbele ya mtu wa pili, na aulizwe tena kila mwaka, niliiandika mimi baada ya Ijumaa ile. Profesa aliitia saini bila kubadilisha neno.

Nilipowakabidhi ufunguo wa kabati mliniuliza kama sina uchungu wa kuondoka. Sina. Nililala mchana siku ile, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Hakuna tena siri ya jirani yangu masikioni mwangu. Nikikutana na mtu njiani, nalijua lile analolijua yeye mwenyewe, basi, na naona raha ya ajabu kutojua zaidi. Ninyi mtayabeba sasa. Mkishindwa, zimeni mashine mwende nyumbani.

Nilidhani uamuzi wangu ungemgharimu Salma arusi yake na Bi Mwanaidi heshima yake. Haikuwa hivyo, na namshukuru Mungu. Ulinigharimu mimi. Bi Mwanaidi aliishi miaka kadhaa baada ya Ijumaa ile, na maneno yale ya mlangoni yalikuwa ya mwisho aliyonipa; nikimsalimu, alikuwa anamjibu mtu aliyesimama karibu nami. Alipokufa nilimswalia nje, pamoja na wapita njia. Na Haruna, niliyekula naye sahani moja tangu shule ya msingi, hanichukii. Ananipa mkono, ananiuliza habari za nyumbani kwa adabu zote, kama anavyomuuliza mteja, na akishasikia ni njema anarudi kwenye kazi yake. Nimepoteza rafiki, na ni mimi niliyempoteza.